Tawi la Kukatwa

Ziwa liliposhuka chini ya alama nyekundu, Shirikisho halikutangaza redioni. Lilimtuma mtu.

Mtu huyo alikuwa Bwana Isabirye, mratibu wa Idara ya Maji ya Shirikisho, mzaliwa wa Jinja, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kukaa ukingoni mwa kiti kana kwamba amepita kusalimia tu. Alifika Itumbi, makao makuu ya Jimbo la Kati, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Kamishna wa Maji, Bi Yuditha Chidawali. Alimkuta Gavana Lameki Nhungo amekwishaketi. Yuditha alikuwa amefanya kazi chini ya Gavana huyo kwa muda mrefu, na siku zote ni yeye aliyeitwa Ikulu ndogo. Kumwona Gavana amekuja kwake kulimwambia nusu ya habari kabla mgeni hajafungua kinywa.

"Mwaka huu Mzizi hauwezi kubeba matawi yenu yote matatu," alisema Isabirye. "Mawili utayabeba. La tatu likatwe kabla ya mwisho wa mwezi."

Hakuna mtu katika jimbo lile ambaye hakulelewa kwa maji ya Mzizi. Ulipandwa ziwani enzi za bibi zao, mmea uliotengenezwa maabara, ukatambaa chini ya ardhi ukipasua miamba mpaka nchi kavu. Haukuhitaji pampu wala umeme. Ulivuta maji kwa kiu yake wenyewe, na pale ulipochomoza juu ya ardhi watu walikinga ndoo kwenye vinundu walivyoviita chuchu. Kila ulipopita ulikunywa pia maji ya chini yaliyokuwa karibu, visima vya zamani vikakauka, lakini nani angelia kisima wakati chuchu inatoka mchana kutwa?

Tatizo ni kwamba Mzizi ulikuwa kiumbe hai. Ukipungukiwa maji, tawi lililo dhaifu lilioza ncha, uozo ukapanda kurudi juu na kuua mengine yote. Dawa ilikuwa moja tu, kukata tawi zima kabla halijaoza. Na tawi lililokatwa halichipui tena.

"Hesabu zenu zinasemaje?" Yuditha aliuliza, ingawa alikwishazipiga mwenyewe.

"Malembela."

Gavana aliitikia kwa kichwa. Tawi la kwanza lilinywesha mji wa Itumbi, na huo hakuna aliyethubutu kuugusa. La pili lilinywesha Bonde la Mwenda, mashamba makubwa ya mtama na alizeti yaliyolisha mji na kulipa kodi ya jimbo. La tatu lilikwenda Malembela, vijiji vya wafugaji na wakulima wadogo.

"Sheria ya Ushirikiano mnaijua," Isabirye aliendelea. "Shirikisho linatunza Mzizi na kutoa fedha. Jimbo linataja tawi. Mkitaja Malembela, fedha za visima virefu zinatoka mara moja, pamoja na mahema na chakula cha kuwavusha watu. Mitambo ya kuchimba iko mpakani, inasubiri. Mkitaja jina jingine tutalikata hilo, maana tunaheshimu uamuzi wenu. Ila jimbo linalokwenda kinyume na hesabu linakaa misimu mitano bila fedha. Fedha hizo zinakwenda kwa jimbo lililoshirikiana kikamilifu."

"Kwa hiyo uamuzi ni wetu," alisema Yuditha.

"Ni wenu kabisa."

"Na adhabu ni yenu."

"Sisi hatuiiti adhabu, Bi Kamishna."

"Kwa nini Shirikisho lisitaje lenyewe?"

Isabirye akatazama mikono yake. "Zamani lilitaja. Watu wakaandamana mpaka makao makuu, damu ikamwagika. Ikaonekana ni heshima zaidi majimbo yajiamulie."

Gavana akacheka kidogo puani, akainuka. Mlangoni alimwambia Yuditha, "Usiende Malembela. Najua unataka kwenda. Tangu lini mtu akaulizwa kama akatwe akajibu ndiyo?"

*

Yuditha alikwenda.

Mwenyekiti wa vijiji vya Malembela, Dorika Masinjisa, alikuwa mwanamke wa rika lake, mwalimu aliyeacha chaki akabaki na sauti ya darasani. Yuditha alimkuta zizini ameshika taya la ndama, anamnywesha dawa kwa chupa ya soda.

"Mbukwenyi," Yuditha alisalimia.

"Mbukwa. Subiri nimalize, huyu akitema dawa sina nyingine." Alipomaliza alinawa mikono kwenye chuchu iliyokuwa ukutani mwa zizi, akaifunga vizuri, akamtazama mgeni wake. "Kamishna mzima hafuati ndama. Ziwa limeshuka?"

"Limeshuka, Mama Dorika."

"Na sisi ndio tumetajwa."

"Bado. Ndiyo maana nimekuja."

Yuditha hakumficha kitu. Alimweleza visima virefu, mitambo iliyokuwa ikisubiri mpakani, na misimu mitano bila fedha endapo jimbo lingekwenda kinyume. Dorika alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akatuma watu wagonge kengele ya shule. Waliokuja walijaza madarasa mawili yaliyobomolewa ukuta wa katikati, wengine wakabaki madirishani. Yuditha akarudia maneno yaleyale mbele yao.

Mzee mmoja aliuliza kama ni kweli visima hivyo vitatoa maji. Yuditha alikuwa mhandisi, na alijua kwamba chini ya Malembela Mzizi ulikuwa umekunywa kila kilichokuwa karibu.

"Vikichimbwa mpaka chini kabisa, vingi vitatoa," alijibu. "Vyote, siwezi kuahidi."

"Na watu wa Lusanje?" Dorika aliuliza.

Lusanje ilikuwa jimbo la jirani. Watu wake waliahidiwa visima kama hivyo tawi lao lilipokatwa, na baadhi yao walikuwa wamepita Malembela wakiswaga mbuzi waliokonda, wakienda wasikokujua. Waliobaki walikuwa bado kwenye mahema.

"Lusanje vilichimbwa vichache," alisema Yuditha. "Fedha zilichelewa."

"Basi sikiliza, mwana wa mama yangu." Dorika hakupaza sauti. "Maji ya ahadi hayasongi ugali. Chuchu ninayoifunga kwa mkono wangu naijua. Kisima kilichoko mpakani juu ya lori sikijui. Wewe ungekuwa hapa, ungeachia?"

Yuditha alifikiri kumjibu kama kamishna, akashindwa. "Nisingeachia."

"Basi."

Msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama. "Mama Mwenyekiti, mume wangu anapalilia Mwenda. Vijana wetu nusu wako huko. Mwenda ikikatwa, hao wanarudi na njaa."

"Warudi," alisema Dorika. "Mwenye njaa anatembea siku nyingi, atafika mahali. Mwenye kiu hafiki mbali. Na yule mwenye shamba ana nyumba tatu mjini, likikauka atahamia ya pili. Ng'ombe wetu watafia hapahapa, na sisi juu yao. Isitoshe nani kasema ziwa halitajaa? Mvua zikija vizuri mwakani, hakuna tawi litakalokatwa tena."

Hilo Yuditha alikuwa amelisikia pia kwa wataalamu wa hali ya hewa, kwa neno lao wanalolipenda, huenda. Alirudi Itumbi nalo kichwani.

*

Chumba cha Fundo kilikuwa chini ya kilima nje kidogo ya mji. Hapo ndipo Mzizi ulipogawanyika mara tatu, mnene kama kiwiliwili cha ng'ombe, una unyevu na uvuguvugu. Shirikisho lilikuwa limeufungia mashine yenye sindano za sumu ya kuua tawi, na mashine hiyo haikumsikiliza mtu yeyote ila kamishna wa jimbo. Alipaswa kuweka kiganja juu ya gamba na kutaja tawi kwa sauti yake. Isabirye aliwahi kusema kwamba hata Rais wa Shirikisho angekuja akalitaja, mashine isingetii.

Gavana alikuwapo, na Isabirye, na mafundi wawili wa Shirikisho waliovaa mabuti. Hakuna hotuba iliyosomwa. Yuditha aliweka kiganja, akahisi chini ya gamba maji yakipita polepole, kama pumzi za mtu aliyelala.

"Mwenda," alisema.

"Yuditha," Gavana aliita.

Isabirye alisogea hatua moja. "Bi Kamishna, sheria inataka useme mara ya pili. Ili isije ikawa ulimi umeteleza."

Alikuwa akimpa nafasi, na Yuditha alilijua hilo. Aliona mbele yake mambo mawili. Malembela ikitajwa, watu wake wangepata pengine visima, pengine mahema ya Lusanje. Mwenda ikitajwa, hao wa Malembela wangekuwa na maji ya uhakika mpaka msimu ujao, na baada ya hapo hakuna wa kuwashika mkono. Alikuwa ameyapima yote mawili usiku kucha na mizani haikulala upande wowote. Lakini katika lile darasa alikuwa ameulizwa swali moja, akalijibu mbele ya watu.

"Mwenda," alirudia.

Sindano zikaingia. Tawi la pili likasinyaa mbele ya macho yao, likatoa harufu ya tango lililokatwa, na mmoja wa mafundi akageuka ukutani. Yuditha alikuwa ametegemea kwamba moyo ungepata nguvu kwa kutenda alichoamini. Alihisi kiganja kimelowa, basi.

Nje, Gavana alimsubiri kando ya gari. "Umewalinda," alisema. "Haya. Sasa nani atawalinda dhidi yako?"

*

Malembela walichinja dume, wakamtumia paja. Waliandika kwa mkaa kwenye kasha: Mungu akuzidishie. Juma hilohilo Gavana alimwachisha kazi.

Mtama wa Mwenda ulikauka ukiwa umefika magotini. Dorika alikuwa amesema kweli kuhusu wenye mashamba. Walifunga maghala, wakahamisha matrekta kwenda majimbo mengine, na hakuna aliyewaona wakililia maji. Waliobaki ni vibarua. Walipanga mstari barabarani na magodoro kichwani, wengine kuelekea Malembela kwao, wengine kuingia Itumbi, ambako unga ulikuwa umepanda bei mpaka wanawake walianza kuununua kwa kipimo cha kikombe cha chai. Sokoni kulikuwa na mama mmoja aliyemjua Yuditha tangu utoto. Siku moja alimpimia unga bila kumsalimia, akamwambia, "Kwangu watoto wanne walikuwa wakila kutokana na Mwenda." Yuditha alichukua unga wake, akaondoka.

Mitambo ya kuchimba iligeuzwa mpakani. Isabirye mwenyewe alimpigia simu kumwambia.

"Imeelekezwa Jimbo la Kusini," alisema. "Nilijaribu, Bi Yuditha."

"Ulijaribu nini?"

"Niliandika kwamba nia yako ilikuwa njema."

Yuditha akamwuliza swali alilotaka kumwuliza tangu siku ya kwanza. "Ungekuwa wewe, ungetaja nini?"

"Mimi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshangaa kweli. "Mimi sikuwahi kuulizwa. Kazi yangu ni kuja na swali."

Mvua za msimu zilikuja, zikanyesha siku chache kwa fujo, zikabomoa madaraja, zikaisha. Ziwa lilipanda kidogo, likasimama, kisha likaanza kushuka tena kabla hata mahindi hayajatoa mbelewele. Yuditha hakuwa tena na ofisi ya kuletewa takwimu. Alijua alipoona gari la Shirikisho limeegeshwa nje ya jengo lake la zamani.

Kamishna mpya alikuwa Elifasi, kijana msomi aliyefundishwa kazi na Yuditha mwenyewe. Alimfuata nyumbani jioni hiyo, akakataa chai.

"Kesho naingia Chumba cha Fundo," alisema. "Nimeona nije nikuambie kabla hujasikia kwa watu."

"Malembela."

"Hesabu inasema Malembela. Mwaka jana ilisema Malembela." Alimkazia macho, na Yuditha akaona kwamba hakuja kuomba radhi. "Ungewataja wakati ule, mama, sasa hivi wangekuwa na visima. Hata nusu ya visima. Na Mwenda ingekuwa imevuna msimu mmoja zaidi, tungekuwa na akiba ya unga wa kuwapa. Leo nawakata mikono mitupu. Fedha hakuna, tuna misimu minne mbele yetu. Wewe ulitaja kwa moyo, mimi nitataja kwa hesabu, na watakaokufa ni walewale."

"Unaweza kukataa."

"Nikikataa, Mzizi unaoza mpaka Itumbi." Akainuka. "Nilikuheshimu sana. Bado nakuheshimu. Lakini nikiwa mle ndani kesho, sitakuwa nakufikiria wewe."

*

Tawi la Malembela lilichukua majuma kadhaa kufa mpaka nchani, na watu walikinga mpaka tone la mwisho. Walipotoka, walitoka pamoja. Serikali ya jimbo ilituma malori mawili ya maji, moja likaharibikia njiani. Ng'ombe walianguka kandokando ya barabara, na harufu yao ilitangulia watu kufika Itumbi.

Yuditha alikwenda kuwapokea kwenye uwanja wa mpira walikowekwa. Alimtafuta Dorika hema kwa hema. Kila alipomtaja, watu waligeuza uso. Mwishowe msichana yule mwenye mtoto, sasa bila mtoto mgongoni, alimwonyesha kwa kidevu. Dorika alikuwa amekaa peke yake nyuma ya goli. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na kanga aliyojifunika ilikuwa na matope makavu ambayo mtu alimrushia.

"Hawanitaki hemani," alisema, kabla Yuditha hajauliza. "Wanasema niliwazuia kuchukua visima."

"Aliyetaja ni mimi."

"Wewe ulituletea habari yote, hukutuficha. Mimi ndiye niliyesema maji ya ahadi hayasongi ugali. Walipiga makofi, unakumbuka? Sasa wananirudishia maneno hayohayo." Aliongea polepole, akitafuta mate. "Yule msichana mtoto wake alikufa njiani. Alikuja akasimama mbele yangu hapa, hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru."

Yuditha alimshika mkono akamwinua. Dorika alikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia. Walitembea taratibu mpaka nyumbani kwake, wakipita maduka ambayo wauzaji walinyamaza walipowaona.

Ndani, Yuditha alimkalisha jikoni, akamsogezea bakuli la uji. Dorika hakuligusa. Alikuwa anatazama chuchu iliyotokeza ukutani juu ya sinki. Aliinuka, akaifungua. Maji yakatoka mengi, masafi. Aliyakinga kwa viganja, akanywa, akanawa uso, akanywa tena, na mabega yakaanza kumtetemeka. Yuditha alisimama mlangoni asijue kama amsogelee. Hatimaye Dorika aliifunga kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Mwakani ziwa likishuka tena?" aliuliza.

"Litashuka."

"Na tawi limebaki hili moja."

"Hili moja."

"Basi hawatakuwa na jina la kutaja."

Yuditha alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, na hakuwa amemwambia mtu. Ndani ya mji Mzizi uligawanyika tena, vitawi vidogovidogo chini ya barabara, na kila kimoja kilikuwa na fundo lake. Mafundi wa Shirikisho walikuwa wameanza kuyapima mafundo hayo. Aliwaona asubuhi ile nyuma ya kanisa, na mabuti yao.

"Watataja mitaa," alisema.

Dorika alikaa chini. Alivuta bakuli la uji, akaanza kunywa kidogokidogo, kwa utaratibu, kama mtu anayejua kwamba bado ana safari.

"Mtaa huu wenu unaitwaje?" aliuliza.

Yuditha akamtajia.